Ukungu wa Upande wa Ndani

Asimwe mwanangu,

Umekwenda Ndama kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia mpaka uwe umekula mara mbili na kubebeshwa mkungu wa ndizi ambao hujui utauweka wapi. Kwa hiyo nina nafasi. Baba yako yuko nje anazunguka gari, anapiga matairi teke kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Yeye keshakuagiza yote: upumzike Biharamulo, usiendeshe giza likiingia, usimpe mtu lifti hata akiwa amevaa kanzu ya padri, na ukifika Tabora upige simu kabla ya kunywa maji. Mimi sina la kuongeza hapo. Barua hii utaikuta kwenye begi la vyeti vyako ukishafika. Nimeiweka huko makusudi, maana ukiisoma ukiwa hapa utaniangalia usoni, na mimi sitaki kuangaliwa.

Juzi uliniuliza, "Mama, una nini?" Nikakujibu kwamba kichwa kinaniuma. Hakikuwa kichwa.

Tulikuwa tunatoka Omurushaka kwa fundi, gari likiwa na kompresa mpya ya kiyoyozi. Ulikuwa umeng'ang'ania kwamba huwezi kwenda kuishi Tabora na gari lisilo na AC, utaiva humo kama ndizi za kuchoma. Mvua ikatukuta njiani. Ukafunga vioo, kioo cha mbele kikaanza kufanya weupe kutoka chini kwenda juu, na mimi nikavua mtandio nikanyoosha mkono nifute, kama nilivyozoea. Ukacheka. Ukasema, "Mama, acha, utanichorea kioo." Kisha ukabonyeza kitufe.

Kile kioo kikafunguka chenyewe. Hukugusa kitu kingine. Weupe ulianza kuondoka chini, ukapanda, na mbele yetu barabara yote ikaonekana, mpaka majani ya kando, mpaka mbuzi aliyefungwa kwenye kijiti kule mbali. Nikakwambia simama. Nikafungua mlango nikashuka kwenye mvua, na wewe ukabaki umeshika usukani ukidhani nataka kutapika.

Unajua gari hili lilimgonga Felisiani wa Ihanda. Ulikuwa shule ya bweni wakati ule, ukaelezwa kama walivyoelezwa watu wote: kulikuwa na ukungu, mama yako hakumwona, Mungu ampumzishe. Ulinikumbatia ulipokuja likizo ukaniambia siyo kosa langu. Nilikuacha useme hivyo. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na nianze na kompresa, kwa sababu kila kitu kilianzia kwenye kompresa na kwenye mdomo wangu.

Tulipolinunua gari hili baba yako alijivunia sana kile kiyoyozi. Mimi nilikitumia siku moja, nikavaa sweta mbili, nikakizima. Baada ya muda kompresa ikaanza kulia. Bearing yake ilikuwa imekufa, ikawa kila nikiwasha gari linanguruma kama mashine ya kukoboa kahawa, na watu wa Kaisho wakawa wanajua kabla sijatokea kwamba mama wa maharage anakuja. Nikalipeleka Omurushaka. Fundi Laurenti, huyuhuyu wa juzi, akaniambia kompresa nzima inatakiwa ibadilishwe, na itabidi iagizwe Mwanza.

Nikamwuliza, "Hivi Laurenti, wewe umeshamwona Mnyambo wa milima hii anasikia joto?"

Akacheka. Pale kijiweni wakacheka wote. Unanijua mama yako nikishapata wasikilizaji. Nikaendelea, "Sisi huku tuna AC ya Mungu. Hiyo ya kwenye gari ni ya watu wa Dar. Itoe tu hiyo takataka."

Laurenti akasema kweli mama, huku AC ni ya wageni. Akaitoa. Akaweka mkanda mfupi unaopita bila kompresa, mabomba mawili yaliyobaki wazi akayaziba kwa mfuko wa plastiki na kipande cha mpira wa tyubu. Gari likanyamaza. Neno langu likazunguka, mpaka baada ya ibada watu wakawa wananiambia, "Mama Asimwe, habari ya AC ya Mungu?" Nilifurahi sana. Wazee walisema mdomo uliponza kichwa, lakini wangu ulifanya vibaya zaidi, uliponza kichwa cha mtu mwingine ambaye hata hakuwepo pale kijiweni.

Sikujua, Asimwe. Naapa sikujua kwamba kile kitu kinakausha hewa. Wala Laurenti hakujua, au hakufikiria. Tulidhani kazi yake ni kuleta baridi, na baridi tunayo.

Siku ile ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa peke yangu, narudi Kaisho na magunia ya maharage niliyonunua Ihanda, yamelowa, na mimi mwenyewe nimelowa mpaka mifupani kwa kuyapakia. Nilifunga vioo vyote kwa sababu nilikuwa natetemeka. Mvua ikakatika. Kulikuwa na ukungu, ndiyo, lakini ulikuwa chini bondeni, umelala kwenye migomba kama unavyolala siku zote. Juu barabarani kulikuwa kweupe. Kioo changu ndicho kilichokuwa hakionyeshi. Magunia yalikuwa yanatoa mvuke, mimi natoa mvuke, na kioo kinafunga haraka kuliko ninavyofuta. Nilikuwa nafuta kwa mtandio, napata nafasi ya ukubwa wa sahani, naangalia kwa hiyo sahani, inafunga, nafuta tena. Ningeweza kusimama. Ningeweza kufungua dirisha nikaumia kwa baridi kidogo. Nilikuwa na haraka ya kwenda kubadili nguo, basi, hakuna sababu nyingine kubwa kuliko hiyo.

Katika ile sahani nikaona gurudumu la baiskeli.

Alikuwa anaisukuma, amepakia mikungu pande zote, anatembea ukingoni kabisa alipostahili kutembea. Hakuwa amekosea chochote. Nilishuka nikamkuta kwenye mfereji. Watu wakaja mbio kutoka mashambani, na kabla hawajaniuliza nikasikia sauti yangu inasema, "Ukungu! Ukungu!"

Wakaangalia bondeni, wakauona umelala pale. Wakaanza kuambiana wenyewe: ukungu, ni ukungu, huu ukungu wa huku utatumaliza. Polisi alipokuja walimwambia wao. Akaniuliza, "Mama, kulikuwa na ukungu?" Nikasema, "Ndiyo, afande, sikuona kitu."

Hapo ndipo pameniumiza miaka yote hii. Sikusema uongo. Kiswahili chetu kina neno moja kwa ule ulioko bondeni na ule ulioko kwenye kioo, na mimi nilijificha ndani ya hilo neno. Hakuna aliyeniuliza ukungu wa nje au wa ndani. Wamesema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa ndefu, na kila niliyekutana naye njiani alinipa pole.

Wewe na baba yako mmecheka sana jinsi ninavyoendesha dirisha likiwa wazi hata kwenye mvua. Mliniita dereva wa treka. Mkashangaa kwa nini sitaki kusikia habari ya kutengeneza AC, mkadhani ni ubahili. Ulipokuwa unaomba kompresa mwaka juzi nilikufokea mpaka ukalia, unakumbuka? Nilikuwa najua, Asimwe. Sikujua kwa kitabu, lakini moyoni nilijua. Niliwahi kupanda gari la mchungaji wakati wa mvua, tumejaa humo, na kioo chake kikawa safi, nikauliza kwa utani anafanyaje, akasema, "Ni AC tu, mama." Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika. Tangu hapo sikutaka kifaa kile kirudi kwenye gari letu. Kisiporudi, ningeweza kuendelea kusema kwamba lile lilikuwa jambo la Mungu, hali ya hewa, milima yetu. Kikirudi kikafanya kazi mbele ya macho yangu, itajulikana Felisiani alikufa kwa kitu gani. Alikufa kwa mzaha.

Na hajaniacha. Nakwambia hili ukiwa mbali kwa sababu hutaweza kunicheka. Nikifunua sufuria mvuke ukapanda, namwona. Kioo cha kabati la vyombo kikipata unyevu namwona. Ndiyo maana nilikihamisha kile kioo cha bafuni nikasema kimepasuka. Simwoni akiwa maiti. Namwona mgongo, anasukuma baiskeli yake taratibu, na mimi najua nikifuta atakuwa karibu zaidi, na nisipofuta pia atakuwa karibu zaidi. Kwenye kona ile ya Ihanda, hata jua likiwa kali, mkono wangu huinuka wenyewe ukafuta kioo kikavu. Uliniona nikifanya hivyo mara nyingi, ukadhani ni vumbi. Naogopa, mwanangu. Mimi ambaye nimewafokea madalali na madiwani, naogopa mvuke wa maharage.

Juzi tulisimama kwa Laurenti nusu siku nikimwangalia akifanya kazi. Aliufungua ule mfuko wa plastiki, akasema mabomba yameingia unyevu na uchafu, hawezi kufunga kompresa mpya juu ya uchafu wa zamani, itakufa mara moja. Akaosha mabomba, akabadili lile kopo la kukaushia unyevu, akaweka ringi mpya za mpira, akapima mafuta ya kompresa, akarudisha mkanda mrefu. Kisha akaunganisha pampu, ikavuta hewa yote iliyokuwemo. Wewe ulikuwa unamharakisha ajaze gesi tuondoke, na yeye akakwambia, "Dada, tulia. Hewa ikibaki humu itageuka maji, na maji yatakula chuma kimyakimya." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na soda mkononi. Niliiweka chini bila kuinywa.

Basi jana nilipokwambia nakwenda sokoni, sikwenda huko. Nilipanda bodaboda nikaenda Ihanda kwa Justa.

Justa ni mke wa Felisiani, wewe unamjua kama yule rafiki yangu wa senene, anayetuletea kila msimu. Nilianza kwenda kwake siku ya mazishi, na sikuacha. Nilikuwa nabeba sukari, sabuni, chumvi, wakati mwingine mbegu za maharage. Watu walinisifu. Mchungaji alinitaja kanisani. Justa alikuwa akinipokea, ananipikia, tunasengenya wakwe zake, tunacheka. Miaka imepita hivyo, na hata mara moja hakuniuliza habari ya siku ile.

Nilimkuta anaanika kahawa uani. Akanikaribisha, akatandika mkeka. Nilikataa chai. Nikamwambia, "Justa, ukungu ule haukuwa barabarani. Ulikuwa kwenye kioo changu, upande wa ndani." Nikamweleza yote, kompresa, AC ya Mungu, magunia, ile sahani.

Aliendelea kusambaza kahawa kwa kiganja. Kisha akasema, "Hapakuwa na ukungu, hilo nalijua. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye kichuguu. Nilimwona Felisiani mpaka kwenye kona. Nilimwona mpaka rangi ya shati."

Nikamwuliza, "Umejua siku zote?"

"Nilidhani ulikuwa unaongea na simu. Watu wa biashara mnaongea sana na simu." Akatoa jiwe kwenye kahawa. "Uliponijia na sukari mara ya kwanza nikasema, leo atasema. Ukaja tena. Nikasema labda leo. Baadaye nikaacha kungoja, nikakuzoea tu."

Nililia, Asimwe. Nililia kwa aibu, maana nilifikiri nimekwenda kumpa kitu, kumbe nilikuwa namrudishia kitu alichokuwa nacho. Akaniacha nilie. Hakunibembeleza, hakunifukuza. Na mimi ndani yangu nikaanza kuona wepesi. Nikajisemea, yamekwisha.

Ndipo akaacha kahawa, akanitazama.

"Waitu," akasema, akiniita kama mtu wa nyumbani kwake, "polisi walituambia hukumwona, kwamba ulipomfikia alikuwa ameshakata roho. Sasa kama lile la ukungu halikuwa hivyo, na hili je? Alikuwa ameshakata roho?"

Hili nalo nilikuwa nimelisema mwenyewe kwa polisi, ili maswali yaishe. Lilikuwa limefunikwa chini ya lile la kwanza, na nilipoenda Ihanda sikuwa na mpango wa kulifunua. Kuku wakaja kuparua kahawa, hakuna aliyewafukuza.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilipiga magoti kwenye mfereji nikamwinua kichwa, macho yake yalikuwa wazi lakini sidhani kama yalikuwa yananiona. Alinishika kitenge. Akasema, "Justa." Akasema tena, "Justa?" kama mtu anayerudi nyumbani akakuta mlango umerudishwa, anauliza kama kuna mtu.

Justa akauliza kwa sauti ndogo sana, "Ukamwambia wewe si Justa?"

Nikamwambia, "Niliitika. Nilisema, ee waitu, nipo hapa."

"Akasemaje?"

"Alitulia. Mkono ukalegea. Watu wakaja."

Nilitegemea alie. Nilitegemea hata anishukuru, unaona nilivyo? Kwa muda mrefu nilikuwa nimejiambia kwamba hilo ndilo jambo jema pekee nililofanya siku ile, kwamba mtu yule alikufa akidhani mkewe yuko naye. Nililitunza kama kitu changu. Usiku nikishindwa kulala kwa sababu ya gurudumu lile, nililitoa nikalishika.

Justa alisimama, akakung'uta mikono. Akasema, "Kumgonga nilikusamehe siku tuliyomzika. Lile lilikuwa kosa lako, nikakusamehe. Lakini aliponiita, aliniita mimi. Hilo lilikuwa langu. Umekaa nalo miaka yote hii unakuja kunywa chai yangu."

Nikaaga. Huku kwetu mgeni hatoki peke yake, hata aliyekuja kukugombeza unamsindikiza mpaka mwisho wa kibanja, migomba inapokomea. Justa amenisindikiza kila mara, amenibebea kikapu mpaka barabarani tukiwa bado tunapiga umbeya. Jana nilipita kwenye migomba yake peke yangu. Nilipofika barabarani nikageuka, na hakukuwa na mtu.

Nitarudi Jumapili. Sitabeba sukari. Asipofungua nitakaa kwenye kile kichuguu mpaka jioni, na Jumapili nyingine vilevile. Baba yako nitamwambia kesho ukishaondoka, kwa mdomo wangu huu huu. Na polisi wakitaka kuniuliza upya, waniulize.

Sikuandikii haya ili uendeshe kwa hofu. Endesha vizuri, washa hicho kiyoyozi, kifanye kazi zake zote mbili, ya joto na ya kioo. Wala sitaki uninyime heshima au uniongezee. Nilitaka tu ujue gari ulilopanda lilitoka wapi na nani alikuwa kwenye usukani, kwa sababu ulinipa mimi mama yako kumbatio ulipotoka shule, ukanipa kwa ajili ya ukungu wa bondeni. Ukitaka kulichukua tena, una haki.

Ila nina ombi moja, na ndilo pekee ninalokuagiza. Ukinipigia simu kutoka Tabora usianze na habari za barabara. Niite kwanza. Sema "Mama," halafu ungoje. Nitachelewa kidogo, nitakuwa nafuta machozi au nimeacha simu kwenye magunia. Lakini nitaitika, na safari hii atakayeitika atakuwa ndiye aliyeitwa.

Mama yako,
Adventina